Nilivyofuatilia hesabu ya mali ya yatima

Katika ukoo wetu ilisemwa miaka na miaka kwamba mama wa bibi yangu aliliwa mali ya uyatima na ami yake. Tuhuma hiyo ni nzito, na aliyetuhumiwa hayupo kujitetea. Nikaifuata Kilimani, Unguja, kwenye Nyaraka za Taifa.

Kwanza ilibidi nijue shauri lilipelekwa kwa nani. Zama za himaya ya Waingereza, raia wa Uingereza, wakiwemo Wahindi wengi, walikuwa na mahakama yao. Raia wa Sultani walikwenda kwenye mahakama za Sultani, walikokaa makadhi wa Kisuni na wa Kiibadhi. Sisi ni Mashafii wa Unguja, yaani Wasuni wa madhehebu ya Imamu Shafii, basi njia ikajulikana: kwa kadhi wa Kisuni. Jina nililolitafuta ni la baba aliyefariki, maana mtoto mdogo hafungui shauri, na mirathi huandikwa kwa jina la marehemu.

Hati zilikuwa za Kiarabu, tarehe za Hijria. Mwaka 1318 ulianza karibu na Mei 1900, nami nikazipanga nyingine kuanzia hapo. Fedha ni rupia, zilizotumika Zanzibar mpaka 1935. Maandishi nilisomewa na sheikh wa mtaani kwetu, Mungu amlipe.

"Mwanangu," akaniambia, "ami hawi msimamizi wa mali kwa damu tu." Kwa Mashafii ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii aliyeusiwa, wakikosekana hao, ni kadhi. Ami wetu aliwekwa na kadhi, akatakiwa kutoa hesabu. Na hesabu ipo: nguo za Idi, posho ya mwalimu wa chuoni, mafuta ya taa, ujira wa wachumaji wa karafuu. Halafu, mwaka baada ya mwaka, chakula na nguo za kaka mtu, aliyeandikwa majununi, yaani asiye na akili timamu. Sura ya Nisaa ndivyo inavyoamuru: asiyeweza kutunza mali asikabidhiwe, ila alishwe na avishwe kutokana nayo. Hapo nilishindwa kuendelea siku ile. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mama huyo wa bibi alikuwa na kaka.

Mikarafuu iliyozua maneno yote iliuzwa kwa idhini ya kadhi kulipa deni la marehemu, na deni hutangulia mirathi. Bei mimi naiona ndogo, na jamaa nimewaambia hivyo hivyo. Lakini karatasi ya mwisho ni ya makabidhiano: binti amebaleghe, ameonekana ana rushdi, yaani busara ya kutunza mali, amepokea sehemu yake mbele ya mashahidi, kama aya inavyotaka.

Nakala nimewapelekea wajukuu wa ami, walioko Pemba. Jina la kaka tumelitia kwenye orodha ya tunaowasomea hitima kila Shaabani.