Neno lililoandikwa kwenye kadi ya mwanangu

Daktari aliandika neno moja pembezoni mwa kadi ya mwanangu: chétif. Tulikuwa Lyon, mwezi wa Januari, mtoto ana miezi kumi na ndio kwanza ametoka kuharisha. Kifaransa changu kilikuwa cha sokoni na cha kwenye basi, neno hilo sikuwa nalo. Nikalitafuta kwenye simu: dhaifu, aliyekonda, mnyonge. Nilimkumbatia njia nzima, koo limenikaba.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, bibi wa Kiitaliano aliyewahi kufundisha Kilatini, aliniona ngazini akaniita ndani. Nikamwonyesha kadi.

“Hili ni ndugu wa cattivo letu,” akasema.

Cattivo nilikuwa nalijua: mbaya, mwovu. Nikazidi kuumia. Akachukua bahasha ya bili ya umeme, akaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: captivus. Mateka. Limezaliwa na capere, kushika, kukamata. Kwa Wahispania, cautivo ni mateka hadi leo. Waitaliano walilipokea kupitia kanisani, captivus diaboli, mateka wa shetani. Shetani akaachwa njiani, ukabaki ubaya. Huko Ufaransa, Kilatini kiliwakuta Wakelti, wenyeji wa kale wa huko, wenye neno lao linalofanana nalo, yakachanganyika, ile p ikapotea. Hata Wales, ambako lugha ya Kikelti ingali hai, caeth ni mtumwa. Karne nyingi baadaye wasomi wa Kifaransa wakarudi kwenye Kilatini wakachota captif, kwa hiyo lugha yao ina ndugu wawili wa baba mmoja: mmoja bado mfungwa, mwingine amebakiwa na mifupa.

Mimi ni wa Bagamoyo. Habari za watu waliofika pwani wakiwa wamefungwa minyororo nimezisikia kwa bibi yangu kabla sijajua kusoma. Kuteka maji, kuteka watu, kitenzi kile kile. Basi nikaona Wafaransa walimtazama mateka mwenyewe, mbavu zake na magoti yake, wakati Waitaliano walimhukumu. Neno la daktari halikuwa tusi. Lilikuwa na watu ndani yake.

Tulipogeuka, mtoto alikuwa ameivuta bahasha na kutafuna pembe yake, herufi c imelowa. Bibi akamnyang'anya polepole, akachovya mkate kwenye maziwa akampa. Akala. Akanyoosha mkono kuomba kipande kingine.