Jinsi Nilivyoyamudu Mafumbo ya Treni Pamoja na Mpwa Wangu

Katika mafumbo yote ya hisabati ya darasa la saba, yale ya treni mbili zinazoelekeana ndiyo ambayo nimeyaona yakiwakatisha tamaa watoto wengi, hata wale ambao kuzidisha na kugawanya hakuwasumbui. Mtoto ameikariri kanuni: umbali ni mwendokasi mara muda, mwendokasi ni umbali gawanya kwa muda, na muda ni umbali gawanya kwa mwendokasi. Lakini akishaambiwa kwamba treni moja imeondoka Tanga saa mbili na nyingine imeondoka Moshi saa tatu, anabaki na namba nyingi asizojua aziweke wapi. Dada yangu aliponikabidhi binti yake, ambaye tunakaa naye hapa Ngamiani, ili nimsaidie kujiandaa na mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, niliamua kwamba hatutaigusa kanuni hadi kwanza tumeiona safari yenyewe.

Kwa mtu wa Tanga reli si jambo la kubuni. Ujenzi wake ulianza hapa mjini mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, na kutoka Tanga hadi Moshi ni kilomita 352 hivi. Kwa hiyo niliachana na mafumbo ya mji A na mji B, nikayaandika upya kwa stesheni ambazo mpwa wangu anazijua kwa majina na nyingine amewahi kuziona kwa macho. Mwendokasi wa treni tuliupanga wenyewe ili hesabu zigawanyike vizuri, ila umbali tuliuacha ulivyo.

Fumbo la kwanza lilikuwa hili: treni inaondoka Tanga saa 2:00 asubuhi kwenda Moshi kwa mwendokasi wa kilomita 40 kwa saa, na nyingine inaondoka Moshi saa 3:00 asubuhi kuja Tanga kwa kilomita 38 kwa saa. Zitakutana saa ngapi, na umbali gani kutoka Tanga? Badala ya kuanza kugawanya, tulifungua daftari la hesabu lenye miraba tukachora mistari miwili, mmoja wa kulala wenye saa na mmoja wa kusimama wenye kilomita kuanzia Tanga, kila mraba wa kusimama ukiwa kilomita 20. Treni ya Tanga ilianzia chini, ikapanda miraba miwili kwa kila saa. Ya Moshi ilianzia juu, saa moja baadaye, ikawa inashuka kidogo kidogo. Nilimwachia rula na penseli, nikamwomba asiseme chochote hadi mistari ikatane.

Ilipokatana aliinua uso akaniuliza, "Mjomba, si zitagongana? Reli ya kwenda Moshi ni moja."

Nilimwambia, "Umeuliza vema, mwanangu. Ndiyo maana hazikutani popote tu. Moja husubiri kwenye stesheni yenye njia ya pili hadi mwenzake apite."

Nililifurahia sana swali hilo, kwa sababu vitabu vingi hulipita kimya, na mtoto makini hushindwa kuliamini fumbo lenye treni mbili zinazopenyana kama upepo. Kwenye reli ya njia moja, kujua mahali ambapo treni mbili zitakutana ni kazi halisi ya wapanga ratiba, na chombo chao cha siku nyingi ni mchoro wa aina hiyo hiyo tuliouchora daftarini. Katika karne ya 19 Mfaransa Étienne-Jules Marey alichapisha mchoro mmoja mashuhuri wa treni za kati ya Paris na Lyon, ambamo kila treni ni mstari wa mshazari. Mstari uliosimama zaidi ni wa treni yenye kasi zaidi, na panapokuwa na mstari wa kulala, treni imesimama stesheni. Baada ya kumweleza hayo, binti alitaka mwenyewe kujua kama mahali mistari yake ilipokatana pako karibu na stesheni, na kwa kuwa Mombo ni kilomita 129 hivi kutoka Tanga, aliona mara moja kwamba treni yetu ilikwisha kuipita Mombo na ilikuwa inaelekea Same.

Hapo ndipo tulipoiruhusu hesabu. Ifikapo saa 3:00 treni ya Tanga imekwisha kwenda kilomita 40, hivyo pengo lililobaki ni 352 kutoa 40, yaani kilomita 312. Tangu saa hiyo treni zote mbili zinalipunguza pengo hilo, moja kwa kilomita 40 na nyingine kwa 38, jumla kilomita 78 kila saa. Ukigawanya 312 kwa 78 unapata saa 4, kwa hiyo zinakutana saa 7:00 mchana. Treni ya Tanga imesafiri saa 5, ambazo ni kilomita 200. Ya Moshi imesafiri saa 4, ambazo ni kilomita 152. Na 200 kujumlisha 152 ni 352. Uhakiki huu wa mwisho niliusisitiza kila mara, maana hauchukui hata dakika moja na unamwondolea mtoto wasiwasi wote.

Jambo la saa lilihitaji uangalifu wake. Sisi tunaanza kuhesabu upya baada ya saa 12 asubuhi, kwa hiyo treni iliyoondoka saa 11:20 alfajiri ikafika saa 2:05 asubuhi humchanganya mtoto anayetaka kutoa moja kwa moja. Tulifanya kwa vipande: kutoka 11:20 hadi 12:00 ni dakika 40, kutoka 12:00 hadi 2:05 ni saa 2 na dakika 5, jumla saa 2 na dakika 45. Kisha dakika 45 ziandikwe robo tatu ya saa, kamwe zisiandikwe 2.45.

Mafumbo ya treni inayopita nguzo au daraja yana ugumu wa namna nyingine, kwa sababu humo treni ina urefu, na urefu huo ni sehemu ya umbali. Kwa hili nilikata ukanda wa karatasi wa sentimita 18, nikatandaza mezani futi ya kupimia nguo, na vijiti viwili vya kiberiti vikawa ncha za daraja la sentimita 27. Kila sentimita ilisimama badala ya mita 10. Nilimtaka asukume ukanda kuanzia pale kichwa cha treni kinapogusa kijiti cha kwanza hadi behewa la mwisho linapoachana na kijiti cha pili, huku kidole chake kikiwa kimeshikilia kichwa cha treni muda wote. Kidole kilitembea sentimita 45. Alirudia kwa nguzo, yaani kijiti kimoja tu, na kidole kikatembea 18. Tangu hapo sikuhitaji kumweleza kwa nini urefu wa daraja huongezwa kwenye urefu wa treni, ilhali nguzo haiongezi kitu.

Kilichobaki ni vipimo. Watoto hufundishwa kugawanya kwa 3.6 ili kubadili kilomita kwa saa kuwa mita kwa sekunde, nayo ni njia sahihi, lakini mimi naona ni bora zaidi akumbuke jozi moja tu: kilomita 18 kwa saa ni mita 5 kwa sekunde. Kilomita 36 ni mara mbili yake, kwa hiyo ni mita 10. Kilomita 54 ni mara tatu, kwa hiyo ni mita 15. Treni ya mita 180 inayokwenda kilomita 54 kwa saa itapita nguzo kwa sekunde 12, na daraja la mita 270 italimaliza kwa sekunde 30, kwani 450 gawanya kwa 15 ni 30. Treni hiyo ikiipita nyingine ya mita 120 inayokwenda kilomita 36 kwa saa upande uleule kwenye njia ya pembeni, umbali ni urefu wa zote mbili, mita 300, na mwendokasi ni tofauti ya 15 na 10. Itachukua sekunde 60. Zikielekeana, mwendokasi unajumlishwa kuwa 25, na zinamalizana kwa sekunde 12.

Fumbo la wastani ndilo tulilolikalia kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu jibu lisilo sahihi huonekana la kweli kabisa. Treni inakwenda Korogwe, umbali tulioukadiria kuwa kilomita 84, kwa kilomita 42 kwa saa, na inarudi Tanga kwa kilomita 28 kwa saa. Wengi watajumlisha 42 na 28, wagawanye kwa 2 na kuandika 35. Mpwa wangu aliichora. Mstari wa kwenda ulichukua saa 2 na wa kurudi saa 3, na kwa kuuona mstari wa kurudi ulivyo mrefu kwenye upande wa saa, alisema mwenyewe kwamba treni imekaa muda mwingi zaidi kwenye mwendo wa polepole, hivyo wastani lazima uwe chini ya 35. Jumla ya umbali ni kilomita 168, jumla ya muda ni saa 5, na 168 gawanya kwa 5 ni kilomita 33.6 kwa saa.