Mama na ganzi ya nyonga
Jamani mama kabadilishwa nyonga ya pili na tofauti nimeiona. Ile ya kwanza walimchoma ganzi ya fasha iliaka (utando unaofunika msuli wa ndani ya nyonga), dawa inasambaa kwenye neva za paja, maumivu yalipungua kweli ila paja lote likalegea, mguu haumbebi, hadi kesho yake ndo akasimama. Safari hii daktari wa usingizi kachagua PENG (kifupi cha Kiingereza, yaani ganzi ya kundi la neva zinazozunguka jointi ya nyonga), mbinu iliyotangazwa 2018, wanaangalia kwa ultrasaundi wanalenga vineva vinavyoenda kwenye jointi yenyewe, basi jioni mama kashika woka katembea mpaka mlangoni, nililia! Pale kwenye mshono panauma maana PENG haigusi neva za ngozi, anameza panadol. Wenye wazazi wanaosubiri oparesheni ulizeni mapema atachomwa ipi