Bila kaniki huingii

Jamani, hatimaye nimeingia Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wamijikenda kule Kwale, pwani ya Kenya, karibu na Diani. Kabla ya kukanyaga ndani unapewa kaniki ujifunge, kisha masharti: usichume, usiokote, hata kijiti kilichoanguka kiache palepale. Mzee aliyetuongoza (mpole, ila kwa hayo hana mzaha) alimwona mwenzetu akitia mbegu mfukoni. Hakufoka. Alisimama tu, akamtazama mpaka mbegu ikarudi chini, tukaendelea.

Kaya hii serikali iliitangaza kuwa turathi ya taifa mwaka 1992, na 2008 misitu ya kaya za Wamijikenda ikaingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Sawa, cheti kina kazi yake, hasa siku mtu akija na tingatinga na hati ya kiwanja. Lakini miti hii imefika hapa kwa miiko ya wazee, UNESCO hata haijazaliwa. Heshima hiyo huwa tunaipeleka kwa cheti, wazee tunawasahau.

Mkienda, vaeni viatu vya kufunika, mizizi ya mle si mchezo. Mtaambiwa pia mkumbatie mti mmoja mkubwa. Msione haya, kumbatieni tu.