Benki Iliyochorwa Gofu Ingali Nzima

London walinikamua. Chumba cha kulala kilikuwa finyu hata sanduku nikalala nalo kitandani. Chai kikombe kimoja pauni nne, na maziwa unajitilia mwenyewe. Basi niliposikia kuwa nyumba ya Sir John Soane, pale Lincoln's Inn Fields, haina kiingilio, mvua haikunizuia.

Soane alikuwa mtoto wa mwashi. Mwaka 1788 akawa msanifu wa Benki ya Uingereza, kazi aliyoishika miaka 45. Nyumba yake imehifadhiwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1833, na michoro ya majengo iliyomo yafika 30,000 hivi. Mingi imefungiwa, huioni. Lakini kuna chumba kidogo cha picha ambacho kuta zake hufunguka. Mhudumu akavuta ukuta, nyuma yake picha. Akavuta mwingine, picha tena. Mzee aliyekuwa kando yangu akaangua kicheko.

Ulioniteka mimi ni mchoro wa mwaka 1830 wa Joseph Gandy, mchoraji aliyemchorea Soane majengo yake. Benki yote unaitazama kutoka angani, paa zimeondolewa, kumbi zi wazi, matao na kuta nene zaonekana zilivyokatwa. Kwa haraka utadhani ni ramani ya kumwonyesha fundi jengo lilivyoshikana. Ukitulia, ni gofu la mji uliohamwa. Na wakati huo wenye benki wamo ndani wanahesabu fedha! Nilisimama hapo mpaka miguu ikauma. Mimi huchora ramani za maghorofa ya kupangisha Mombasa. Nikitia kivuli, mteja huuliza kama kivuli nacho kinalipiwa.

Kumbi zile zilikuja kuvunjwa kweli, miaka ya 1920 na 1930, ukasalia hasa ukuta wa nje. Aliyepewa kazi ya kujenga upya ni Herbert Baker. Huyo namjua: ndiye aliyesanifu Ikulu ya Nairobi.

Njiani kurudi nikawa na mawazo ya Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa. Nyumba aliyozaliwa mama ilikuwa na daka, baraza za mawe na dari za boriti. Ilivunjwa, pakapanda ghorofa. Hakuna fundi aliyewahi kuipima, wala karatasi. Ukiwauliza wajomba ngazi ilianzia wapi, mmoja atakwambia kulia. Mwingine ataapa nyumba ile haikuwa na ngazi.