Siku Moja Maishani Mwangu: Kusubiri Molekuli Zijipange

Saa moja asubuhi niliingia maabara, hapa Ujerumani, na kabla ya kuvua koti nikasoma kipimo cha ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa. Ndani ya chumba cha chuma kanieneo ilikuwa takribani sehemu moja ya trilioni kumi ya ile ya hewa tunayovuta. Nikatulia moyo.

Saa mbili hadi saa tano nilisafisha dhahabu ambayo molekuli zingejipanga juu yake. Kazi hii haina sifa, lakini ndiyo inayoamua mengine yote: kipande cha dhahabu hupigwa kwa ioni za agoni (atomu za gesi zenye chaji ya umeme) zinazobandua uchafu pamoja na atomu za juu, kisha hupashwa joto la nyuzi 450 hivi ili atomu zilizovurugwa zijilaze tena sawasawa. Nilirudia mara tatu.

Saa sita nilipasha polepole unga mweupe wa asidi ya trimesiki, ambao hugeuka mvuke pasipo kuyeyuka, nikauacha mvuke huo uifikie dhahabu kwa dakika chache tu. Hapo kazi ya mkono wangu ilikoma; kujipanga ni kwa molekuli zenyewe. Molekuli hii ni bapa. Ina pete ya kaboni yenye vikundi vitatu vya kaboksili (atomu za kaboni, oksijeni na haidrojeni) vinavyoelekea pande tatu, na kila kikundi hushikana na cha jirani kwa jozi ya vifungo vya haidrojeni. Kwa kuwa dhahabu huzishikilia kwa ulegevu, molekuli huteleza, hukutana, huachana na kushikana upya hadi zipate mpangilio ulio thabiti zaidi. Vifungo hivyo ni dhaifu, na udhaifu huo ndio unaoruhusu makosa kurekebishwa. Juu ya shaba, inayozisababisha kaboksili kupoteza haidrojeni, umbo lingekuwa jingine.

Saa tisa, baada ya kuipoza sampuli kwa nitrojeni kimiminika, niliwasha hadubini ya aina iliyobuniwa na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer mwaka 1981. Haitumii mwanga: ncha ya tungsteni hupita juu ya uso bila kuugusa, na mkondo hafifu wa elektroni unaovuka pengo hilo hupimwa. Punde ncha iligonga dhahabu (kosa langu, niliisogeza kwa pupa), nikapoteza saa nzima kuirekebisha kwa mipigo ya umeme.

Saa kumi na moja na robo picha ilitulia: matundu ya pembe sita, kila moja lenye upana wa nanomita moja hivi, safu kwa safu. Wataalamu huufananisha mpangilio huu na wavu wa banda la kuku. Mimi huona sega la nyuki. Katika tundu moja, lililozungukwa na molekuli sita, ya saba ilikuwa imenaswa. Nilipiga picha ya kona hiyo mara nne, nayo ilikuwa bado humo nilipojaza nitrojeni ya usiku.