Tone la mnyaa

Leo ni siku ya sita, na ndiyo kwanza naweza kutazama simu bila machozi kunitoka.

Nilikuwa nimevuka feri kwenda Likoni kwa bibi, kupunguza ua wa mnyaa ulioanza kuziba njia ya majirani. Ua ule aliupanda babu ili mbuzi wasiingie kwenye mihogo, na kweli mbuzi hawaugusi. Utotoni tulivunja vijiti vyake tuone maziwa yakichuruzika, bibi akitupigia kelele, "Utomvu huo utawapofusha!" Sisi tukaliweka neno hilo kapu moja na lile la kupiga mluzi usiku ukaita nyoka.

Tawi la tatu au la nne, panga likapita, tone likaruka. Jicho la kulia. Kwanza sikusikia kitu, kisha kama nimesuguliwa pilipili mbuzi. Nikafikicha, tena kwa mkono uleule ulioshika matawi.

Bibi akaniinamisha kichwa upande. "Maji, mwanangu, maji," akimimina kata baada ya kata. Jirani mwenye mtoto mchanga akaja mbio, ati anikamulie maziwa ya kifua. Nikamwambia jicho halifunguki, na si uongo, halikuwa likifunguka. Baada ya kama dakika tano moto ukapoa nami nikasema yatosha, nikaaga.

Kumbe mnyaa hupoa, halafu hurudi na ndugu zake. Saa mbili usiku nipo kwangu Kisauni, kope zimevimba, balbu inanichoma kama msumari, na mbele yangu ni ukungu mtupu. Sikulala.

Asubuhi dada akanishika mkono hadi kliniki ya macho. Swali la kwanza la daktari: "Mti gani?" Nilipomtajia aliguna, kama aliyetajiwa jirani mkorofi. Akanitia rangi ya machungwa jichoni, akazima taa, akawasha mwanga wa buluu. Dada anasema aliona doa la kijani likiwaka katikati ya jicho, lina kingo kama ramani ya kisiwa. Rangi ile hushika pale tu konea, kile kioo cha mbele cha jicho, ilipochubuka.

"Uliosha kwa muda gani?"

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo. "Ungefika nusu saa, na kope ukizigeuza."

Nikapewa antibiotiki ya matone, na dawa nyingine ya kupanua mboni ili misuli ya ndani ipumzike. Hiyo ya pili imenifanya nisiweze kusoma hata namba ya matatu. Akanionya pia nisiguse matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, yaliyobaki kwa mtu nyumbani bila yeye kuniangalia.

Mchana bibi amenipigia. Ua umebaki nusu, anasema, kama kichwa kilichokimbiwa na kinyozi. Nikipona niende nikamalizie. Miwani ameshaniazimia kwa fundi wa kuchomelea vyuma.